Joto la Chumba Namba Saba

Babati,
6 Juni 2004

Kaka Baltazar,

Modesti sasa hivi ameshika rimoti ya mashine, amemwelekezea jogoo wa Mama Sabrina, anabonyeza. Jogoo akaondoka zake. Basi mtoto kanigeukia anacheka, anadhani ni yeye amemwondoa. Nimecheka na mimi, halafu nikaona sina mtu wa kumsimulia, ndipo nikachukua kalamu.

Shikamoo kaka. Sisi wazima. Mama huko Sigino mzima pia, ila goti linamsumbua kwa baridi hii. Mbaazi zimetoa maua mengi mwaka huu. Anakusalimu, anasema kama umeoa huko Tanga usimfiche, yeye hatakula mtu.

Sasa kilichonifanya niandike. Unajua nafanya usafi hapa gesti kwa Mzee Hamdani. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, wageni wake ni watu wa maofisini, wana mabegi ya magurudumu na wanauliza maji ya moto. Mzee akaenda Arusha akanunua mashine ya ukutani, ile ya kutoa baridi na joto pia, wakaifunga chumba namba saba. Mafundi wakarudi Arusha, na hapa hakuna mwingine anayeijua. Mkewe, Mama Sabrina, akaniuliza, wewe Mama Modesti unaweza kuitunza? Nikasema kaka yangu ni fundi wa vitu hivyo. Basi kwa ajili hiyo wakanipa chumba cha uani, nilale hapa hapa na mtoto.

Naitunza kweli kaka. Haina hata vumbi. Rimoti mpaka leo iko kwenye nailoni yake. Lakini sasa ni Juni, unaijua Juni ya kwetu, wageni wanataka joto, na mashine haitoi. Inawaka, inavuma kidogo kama mtu anayepumua usingizini, halafu inazima na taa yake nyekundu inapepesa. Mzee amesema mwanzoni mwa Septemba kuna mkutano mkubwa wa mkoa, wageni watajaa. Mpaka hapo mashine isipopona anaing'oa na kuiuza, na chumba cha uani anampa Shomari, askari wetu wa getini. Mimi nirudi ukweni.

Na mimi siwezi kuondoka hapa. Fabiani alipopanda lori la mbaazi kuja huko Tanga aliniambia, Domina, nisubiri hapa hapa kwa Mzee Hamdani, nisije nikahangaika kukutafuta. Hiyo ni Novemba. Lori lilirudi, utingo wenzake wanasema yeye alibaki huko kutafuta kazi. Nikipelekwa kwa wakwe zangu kule chini ya Hanang, akija hapa atanikuta wapi? Je, hajapita kwako?

Mama sijamwambia kwamba hatumi salamu. Na wewe usimwambie.

Niambie nifanye nini na mashine.

Mdogo wako,
Domina


Tanga,
25 Juni 2004

Mdogo wangu Domina,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Mwambie Mama sijaoa, na goti alikande kwa maji ya moto na chumvi, asilifunge na kamba ya katani kama mwaka ule.

Mjomba anamsalimu Modesti, fundi wa kuondoa majogoo.

Ninyi mnalia baridi, mimi hapa naamka shuka limelowa jasho. Chumba changu kiko nyuma ya karakana. Mchana kutwa napoza vyumba vya watu, jioni narudi kwenye bati langu. Fundi kiyoyozi hana kiyoyozi, usicheke.

Haya, sikiliza. Anza na chujio. Zima mashine, na swichi ya ukutani uzime pia. Mfuniko wa mbele unafunguka kwa kuinuliwa kutoka chini, usiuvute kwa nguvu. Ndani utaona wavu mwembamba, ndilo chujio. Utoe, uoshe kwa maji na sabuni kidogo, uanike kivulini. Ukiuweka juani utajikunja kama ganda la mbaazi. Vumbi la Babati nalijua, chujio likijaa mashine haipati hewa.

Kwenye rimoti kuna picha ya jua, na nyingine kama ua. Ua ni baridi, jua ni joto. Kwa joto, ukiwasha haitapuliza papo hapo, inajipasha kwanza. Iache tu, ichemke kama unavyosubiri chai. Wengi huiona imekaa kimya, wanaizima, wanaiwasha, wanaizima tena, na hapo ndipo wanapoiua. Na umeme ukikatika ukarudi, usiikimbilie. Ngoja utulie kwanza. Mwulize Mzee kama alinunua stabilaiza, kile kiboksi cha kusawazisha umeme. Kama hakununua, anunue.

Halafu nenda nyuma ya nyumba, iko mashine ya nje. Angalia kama feni yake inazunguka na kama majani hayajaota mbele yake. Niandikie umeona nini.

Usifungue kifuniko chochote chenye skrubu. Humo ndani mna umeme hata ikiwa imezimwa.

Mtoto anywe uji wa moto asubuhi.

Kaka yako,
Baltazar


Babati,
14 Julai 2004

Kaka,

Shikamoo. Modesti amejifunza kusema "hapana" na sasa hasemi kingine. Ukimwuliza unaitwa nani, hapana. Unampenda mama, hapana. Mama amekuja sokoni Jumamosi akambeba, akaambiwa hapana, hata hereni zake zikaambiwa hapana. Ameondoka anacheka. Nilimsindikiza hadi barabara ya Sigino, njiani akaniuliza mwenzio hajambo? Nikasema hajambo.

Chujio nimeliosha kaka! Nilipoliingiza kwenye beseni maji yakawa mekundu kama ya mto ukifurika. Shomari akapita akasema, "Mama Modesti, leo unafua mashine? Kesho utainyoa?" Nikamwambia wewe kaa getini kwako, hiki chumba cha uani hukipati. Siku hiyo nilifanya usafi wa chumba chote, nikafua mapazia, nikafua na kile kitambaa changu. Jioni nikabonyeza jua, nikasubiri kama ulivyosema, nisiiguse. Kaka, joto likaja! Joto kabisa, kama umekaa karibu na jiko. Nikamwita Mama Sabrina, akasimama pale chini ameinua mikono kama anayepokea mvua. Nikasema basi, imepona.

Kesho yake jioni ikarudia yale yale. Inavuma kidogo, inazima, taa inapepesa. Mgeni alikuwa bwana mmoja kutoka Dodoma, amelala na koti na soksi. Asubuhi akaniambia kwa upole tu, "Mama, mashine yenu ni pambo tu?" Nilitamani anitukane.

Umeme si tatizo, kiboksi kipo na Mzee anasema ni kizima.

Kile kitambaa nilichokitaja ndicho nilichokuwa nafuma tangu Fabiani aondoke. Nilianza na ua moja katikati, likawa mawili, nikaweka ndege wawili wanaangaliana, na pembeni maneno KARIBU NYUMBANI. Kilikuwa cha chumba chetu, siku akirudi akikute. Mama Sabrina alipokiona akasema hiki si cha kufichwa uani, kiweke namba saba wageni wakione. Nikakiweka. Kila anayeingia anakisifu.

Umesoma swali langu la Fabiani? Labda barua ile ililowa mahali hapo. Nauliza tena, hajapita?

Mdogo wako anayekusumbua,
Domina


Tanga,
2 Agosti 2004

Domina,

Marahaba mdogo wangu. Hapa kazi ni nyingi, hoteli moja imeniita vyumba vyote, napanda na kushuka ngazi mpaka usiku miguu inatetemeka yenyewe. Nimemnunulia Modesti sweta, nyekundu, ina vifungo vikubwa. Iko ndani ya mfuko huu. Kama ni kubwa mkunje mikono, atakua.

Feni ya nje uliisahau kunijibu. Inazunguka au haizunguki? Nahitaji kujua.

Pia fanya hivi. Kuna mabomba mawili yanayotoka ukutani kwenda nje, moja nene, moja jembamba, yamevalishwa sponji. Mashine ikiwa kwenye ile picha ya jua, ikiwa inavuma bado, gusa lile nene kwa kidole pale sponji ilipoachia. Ni la moto au la baridi? Usishike kwa kiganja. Likiwa la moto, gesi ipo na mashine ni nzima, basi joto linazalishwa ila linashindwa kuingia chumbani. Likiwa la baridi, gesi imevuja na hapo atahitajika mtu wa kuja na mtungi.

Na jambo moja limenikaa kichwani. Siku ile ilifanya kazi. Mashine mbovu haiponi siku moja ikaumwa kesho yake. Siku ile kitu fulani kilikuwa tofauti. Kaa chini ukumbuke. Madirisha? Mapazia? Hakuna kinachoziba hewa? Hata kama unaona ni kitu cha kipuuzi, niandikie.

Maswali yako mengine nitayajibu nikitulia.

Lakini hili niliseme. Mzee Hamdani akikutoa hapo, usiende kwa wakwe. Nimesema usiende. Njoo Tanga, chumba changu ni kidogo lakini mlango unafungwa, au rudi kwa Mama. Kwa wakwe hapana. Naona nimekuwa kama Modesti.

Kaka yako,
Baltazar


Babati,
19 Agosti 2004

Kaka Baltazar,

Modesti amelala na sweta lake. Nimejaribu kumvua amelia, basi nimemwacha. Vifungo amevishika kimoja kimoja kila mkono. Shikamoo, na asante.

Feni ya nje inazunguka. Majani nilikuwa nimeshang'oa. Bomba nene ni la moto, kidole kimeniungua kidogo, si sana. Kwa hiyo joto lipo. Nilisimama pale nyuma ya nyumba nikawaza, joto lipo, linafika mpaka ukutani, na ndani mtu anatetemeka.

Siku ile hakukuwa na kitu tofauti. Dirisha lilifungwa kama siku zote. Mapazia nilikuwa nimeshayarudisha. Labda kitambaa tu, hicho kilichelewa kukauka maana uzi wake ni mnene, kikashinda kwenye kamba mpaka kesho yake. Lakini kitambaa si waya.

Mzee amekuja na mtu wa Arusha kuitazama, ameitajia bei. Shomari ameshakipima chumba changu kwa hatua ili ajue kitanda chake kitakaa wapi. Alifanya hivyo mimi nipo, nakunja nguo. Nikamwambia, "Shomari, hata aibu?" Akasema, "Mama Modesti, mimi nasinzia kwenye kiti mwaka wa pili. Na mimi nina mgongo." Kweli ana mgongo.

Sasa kaka nikuulize jambo, na usinijibu habari za bomba.

Wewe si mtu wa kusahau swali. Feni ya nje niliisahau, ukaniuliza tena mpaka nimejibu. Mimi hii ni barua ya tatu nakuuliza Fabiani. Kama ungekuwa hujui alipo ungeandika sijui, neno dogo tu, halichukui nafasi. Hujaandika sijui. Umeandika usiende kwa wakwe.

Kila lori la mbaazi likiingia mjini natoka getini na mtoto. Madereva wameshanizoea, wananipungia mkono kabla sijauliza. Jana mmoja alishusha kioo akaniangalia, akapandisha kioo. Naona na yeye anajua. Naona ni mimi tu.

Nisaidie kaka. Unajua kuniambia mambo taratibu, hatua kwa hatua. Hili pia niambie hivyo.

Domina


Tanga,
27 Agosti 2004

Mdogo wangu,

Barua hii nampa konda wa basi mkononi ili ikuwahi kabla ya huo mkutano.

Kitambaa chako unakitandika juu ya mashine. Hukuniambia, lakini najua. Kimefunika mgongo wake na ndege wawili wananing'inia mbele. Sivyo? Nyumba tuliyolelewa redio ilikuwa na nguo yake, makochi yana nguo zao, hata jagi la maji lilivaa kofia ya shanga. Mama alitufundisha kitu kizuri hakikai uchi. Ningekumbuka hilo mwezi wa sita, nisingekuchosha na mabomba.

Mashine ile inavuta hewa kwa juu, mgongoni. Ukiifunika hapo umeiziba pua. Joto linajaa ndani yake lenyewe, likizidi inajizima isiungue. Ndiyo ile taa. Siku ya kufua, kitambaa kilikuwa kwenye kamba, ikapumua. Hakuna kingine. Kitoe na kisirudi, wala usiweke kingine chembamba badala yake. Iache hivyo ilivyo.

La pili.

Nilimwona Fabiani kipindi cha Pasaka, stendi ya Korogwe. Ni mzima. Anakaa pale na mwanamke mwenye mgahawa, na mwanamke huyo alikuwa mjamzito, sasa atakuwa amejifungua. Alinikaribisha chai, akaniomba nikuambie uendelee kumsubiri, kwamba mambo yakikaa sawa atakuja. Chai sikuinywa. Maneno yale nilikataa kukuletea, na mengine ya kukuletea nikayakosa. Ulipoandika habari ya mashine nikashika hiyo, maana mashine nikiitazama najua mwisho wake.

Nimeandika hatua kwa hatua, nimeona hazizidi hapo.

Kuja Babati siwezi mpaka hoteli hii iishe. Ningekuwepo ningekaa tu na wewe pale uani.

Baltazar


Babati,
4 Septemba 2004

Kaka yangu,

Modesti ameshika ncha ya uzi sasa hivi, amekimbia nao uwanja mzima. Amezungusha ndoo, amezungusha kinu, amezungusha miguu ya kiti cha Shomari na Shomari mwenyewe akiwa amekaa. Shomari anapiga kelele, "Mama Modesti, mwanao ananifunga kama mbuzi wa Krismasi!" Mtoto anamjibu hapana.

Shikamoo. Nimepata barua yako Jumatatu. Nilisoma mstari wa mashine, nikakunja karatasi, nikaenda namba saba. La pili niliona limeandikwa hapo chini lakini sikulisoma kwanza. Nilipanda kwenye stuli nikakitoa kitambaa. Nikabonyeza jua. Nikakaa kitandani kwa wageni, mtoto mapajani, nikafungua karatasi tena, nikasoma.

Kaka, joto likaja nikiwa nasoma. Lilianza miguuni. Modesti akavua sweta mwenyewe, mara ya kwanza tangu ulitume. Nilikaa pale mpaka Mama Sabrina akanikuta. Akaangalia ukuta, akasema, "Umekivua chumba nguo!" Nikamwambia, "Mama, ilikuwa inakosa pumzi." Akaona macho yangu. Alikwenda akarudi na chai, tukanywa wawili kwenye chumba cha wageni, na yeye huwa hata kiti cha chumba hicho hataki mtu akikalie.

Mzee Hamdani amekuja jioni, amesimama chini ya mashine, akavua na kofia. Amesema, "Kumbe wale wa Arusha hawakunidanganya." Mtu wa kununua amerudishwa. Chumba cha uani ni changu. Nimemwomba Mzee, Shomari apewe ile stoo ya magunia, ina nafasi ya kitanda. Amesema ataangalia, na Mama Sabrina amesema ameshaangalia.

Mama nimemwambia mwenyewe, nilitembea mpaka Sigino. Alikuwa anapukuchua mbaazi. Aliendelea kupukuchua, halafu akasema, mtoto huyu masikio yake yanapata baridi, mfumie kofia. Basi. Wakati naondoka akanipa ungo mzima wa mbaazi mbichi na akanishika mkono mpaka kwenye njia, na goti lile.

Kwa hiyo kitambaa nakifumua. Uzi ni mzuri, haujachakaa. Jana nimetoa maneno, yametoka upesi kuliko nilivyoyaweka. Leo nipo kwa ndege. Mmoja ameisha, wa pili amebaki kichwa na bawa, anaangalia mahali pasipo na mtu. Nilisimama hapo kidogo kaka, nisikudanganye. Sikuvuta uzi. Modesti ndiye aliyeuvuta, akakimbia nao kama nilivyokuambia, nikamwacha akimbie. Kofia nimeshaianza, ina kishada.

Malori ya mbaazi yameanza kupita mengi, ndio msimu. Leo asubuhi lilipita moja nikiwa nafagia getini. Mkono wangu ulisimama. Halafu nikaona vumbi linaelekea dirisha la namba saba, nikakimbia kulifunga, na chujio nimelifua juzi tu.

Huyo wa Korogwe, akikuona tena akakuuliza, usimwambie namsubiri. Mwambie Domina yuko Babati kwa Mzee Hamdani, si kwa sababu aliambiwa akae. Ana kazi yake. Na kama anataka kumwona mtoto aje mchana, apige hodi kama wageni wengine, mimi sitamfukuza, nitamwonyesha Modesti na kofia yake, lakini nitamwambia

ngoja kaka, Mama Sabrina ananiita, mgeni wa kwanza wa mkutano ameshuka na mabegi yake, midomo imemkauka kwa baridi, anauliza kama ni kweli tuna chumba chenye joto. Naenda kumfungulia namba saba.